Kukanyaga Mara Mbili

Wanaume wawili waliingia uani asubuhi moja wakisukuma mtungi wa gesi kwenye toroli, wakaanza kulizunguka gari kama wachinjaji wanavyomzunguka ng'ombe. Mmoja akaligonga buti kwa ngumi kusikiliza unene wa bati. Nilikuwa nimekaa kizingitini mwa chumba changu na kikombe cha uji. Nikaelewa wamekuja kulikata.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu hapa Tabora, nasomea kufundisha fizikia. Chumba nilikuwa nimepanga kwa bibi mmoja mwenye duka la vitambaa. Duka lilitazama barabara, nyumba yake ikawa nyuma ya duka, na nyuma kabisa kulikuwa na ua wenye vyumba vitatu vya wapangaji. Babu zake walitoka Bara Hindi, lakini yeye alizaliwa mji huu huu, na Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora, na Kinyamwezi ndani yake. Wateja walimwita Mama Duka. Mimi, kwa umri wangu, nilimwita Bibi. Jicho lake la kushoto lilikuwa limeshazibwa na mtoto wa jicho, na la kulia lilikuwa njiani.

Gari lenyewe lilikuwa stesheni wagoni ya Kifaransa, ndefu, yenye safu tatu za viti, nyuma limeinuka kama kuku anayetaka kutaga. Bibi ndiye aliyekuwa dereva wake. Mumewe hakuwahi kujifunza kuendesha. Mume alikaa kaunta, na mke ndiye aliyepakia majora ya kanga na vitenge akaenda nayo minadani, Nzega, Igunga, mpaka vijiji vya Lusu. Kiti cha pembeni alikaa shoga yake, Mnyamwezi wa Kwihara, muuza asali na nta. Baadaye mume akafariki, macho yakaanza kufifia, gari likapandishwa juu ya mawe mbele ya dirisha langu.

"Nani kawatuma?" niliwauliza wale wanaume.

"Kijana wake wa Dar es Salaam. Tumeshaelewana kwa simu."

Niliweka kikombe chini nikakimbilia dukani. Bibi alikuwa anapima kitambaa kwa kukivuta kutoka ncha ya pua mpaka mwisho wa mkono, maana rula alikuwa haioni tena.

"Shikamoo, Bibi. Kuna watu uani wanataka kulikata gari."

"Marahaba. Najua. Mwanangu anasema tunafuga panya."

"Niuzie mimi."

Mkono wake ukasimama hewani. "Wewe? Wewe kodi yenyewe unanilipa kwa mafungu."

"Na gari nitalipa kwa mafungu, Bibi."

Akakikunja kile kitambaa, akakikunjua tena, hata mteja akaanza kukohoa. Kisha akasema, "Siku litakapotembea, abiria wa kwanza ni mimi. Utanipeleka Kwihara kwa shoga yangu. Pikipiki sipandi, bajaji sipandi, zinanivunja mgongo. Mwaka wa nne huu sijamtia machoni, na macho yenyewe ndiyo haya."

Nikakubali. Akachukua mkongojo wake, akaenda uani, akawaambia wale wanaume warudi walikotoka.

Wazazi wangu ni wakulima wa tumbaku Usinge. Walichonitumia baada ya mauzo kilitosha ada na chakula, na mimi nilifundisha tuisheni jioni ili nipate cha ziada. Kila cha ziada kilimezwa na gari. Fundi wangu alikuwa mzee mpole mwenye gereji ya wazi karibu na reli, aliyeniita Mwalimu hata kabla sijahitimu. Alinifundisha kazi kwa sababu hakuwa na muda wa kunifanyia. Injini ilikuwa imeshikana. Tukatoa plagi, tukamimina mafuta ya taa ndani, tukaiacha wiki mbili, kisha tukaizungusha kwa spana ndefu, nusu inchi kwa siku. Tangi la mafuta nililifungua nikalisafisha kwa kokoto na maji ya sabuni, nalitikisa mpaka mabega yanawaka. Rejeta iliungwa na mtu anayetengeneza vibatari. Kabureta niliipiga mswaki kwa petroli, kwa mswaki wangu wa zamani, nikiwa nimekaa kwenye ndoo, daftari la mtihani likiwa wazi pembeni.

Siku injini ilipowaka, ua mzima ulijaa moshi mweusi na wapangaji wakatoka wakipiga kelele. Bibi alimwacha mteja dukani akaja. Alisimama karibu na boneti, ameinamisha kichwa, macho ameyafumba.

"Tapeti inagonga," alisema. "Ya tatu."

Fundi akacheka kidogo. Alipofungua mfuniko wa injini na kupima vyuma vinavyosukuma valvu, akaacha kucheka. Ilikuwa ya tatu.

Zilibaki breki. Fundi alifungua masta ya breki, akaichokonoa, akanitolea raba mbili ndogo kiganjani, zimeliwa pembezoni kama maandazi yaliyopitiwa na mende.

"Hizi ndizo zinazosukuma mafuta ya breki mpaka magurudumuni," alisema. "Zimechoka. Nitazirudisha uone mwenyewe."

Akazirudisha, tukatoa upepo kwenye mabomba, akaniambia nikanyage. Pedeli ilizama mpaka sakafuni, laini kabisa. Nikaachia nikakanyaga tena. Mara hii ikasimama juu, ngumu.

"Umeona? Ya kwanza inazama, ya pili inashika. Iko siku ya pili nayo itazama, na siku hiyo hutapewa taarifa. Raba mpya agiza Dar, hapa hazipo. Mpaka zije, gari liishie getini."

Siwezi kusingizia kwamba sikujua. Wiki ile ile, kwenye mazoezi ya kufundisha, nilikuwa nimesimama mbele ya kidato cha tatu na mabomba mawili ya sindano yaliyounganishwa kwa mpira wa dripu, nikawaonyesha kwamba ukisukuma huku, kule kunainuka, na maji yakivuja hakuna kinachoinuka. Mfano niliowapa ulikuwa breki za gari.

Fedha ya raba nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeitenga ndani ya bahasha. Lakini wanachuo wenzangu walikuja kuliona gari, na mmoja akaingiza kidole kwenye tundu la kiti akatoa kiota cha panya, akakiinua juu kama kombe. Walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja akauliza kama nitalipeleka machinjioni au makumbusho. Nami nilicheka, lakini kesho yake nilikwenda kwa mshona viti, na kutoka pale kwa mpiga rangi. Nilijiambia raba nitaagiza mwezi ujao. Gari likawa jeupe, viti vya rangi ya kahawa, na waliocheka wakaja kupiga picha.

Ijumaa moja mchana simu ya Bibi ililia dukani. Nilikuwepo, nikamsaidia kubonyeza. Ilikuwa kutoka Kwihara. Mtoto wa shoga yake alisema mama yake anaumwa, siku tano sasa hali chakula, na anamtaja Bibi kila mara. Bibi alisikiliza, akasema "Sawa, sawa," akanirudishia simu.

"Kesho asubuhi," aliniambia.

"Bibi, labda tungoje kidogo…"

"Gari halitembei?"

"Linatembea."

"Na breki? Masta yake ilikuwa na tabia ya kula raba. Umebadilisha raba?"

Mbele yangu kulikuwa na majora ya vitambaa, na nyuma yake uso wa mtu aliyengoja miaka minne. Ningeweza kusema hapana. Tungetafuta teksi. Hilo lilinijia wazi kabisa, teksi, na bado nikafungua mdomo nikasema, "Nimebadilisha, Bibi. Zote mpya."

Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi kuliko mtihani wowote niliowahi kuufanya. Nadhani sikutaka mtu wa kwanza kuliamini gari lile ajue kwamba nilinunua rangi kwanza.

Usiku sikulala vizuri. Alfajiri nilitoka uani, nikajaza mafuta ya breki mpaka juu, nikakanyaga mara ishirini. Ya kwanza ilizama, ya pili ikashika. Ikashika kila mara. Kwihara si mbali, nilijiambia, na nitakwenda polepole, na nitakanyaga mara mbili mapema kabla ya kila kitu.

Bibi alitoka amevaa vizuri, mtandio mpya, mkononi mfuko wa nailoni wenye sukari, majani ya chai na kitenge. Alipapasa mlango, akapapasa kiti, akatabasamu. "Umeshona ngozi." Kisha akaketi, akaweka mkongojo katikati ya magoti, na tukatoka getini.

Mjini nilikwenda kama mtu aliyebeba mayai. Kila nilipoona baiskeli au pikipiki mbele, mguu wangu ulikwenda: mara moja, ikazama, mara mbili, ikashika. Bibi alizungumza. Aliniambia jinsi shoga yake alivyokuwa akilala njia nzima kutoka Nzega na kuamka tu akisikia harufu ya nyama choma. Nilikuwa naitikia bila kusikia. Tulipoacha lami, vumbi likaanza kuingia, naye akanyamaza. Nilimtupia jicho. Alikuwa ameinamisha kichwa, macho ameyafumba, vilevile kama siku ya tapeti.

"Mbona unakanyaga breki mara mbili?" aliuliza.

"Mazoea tu, Bibi. Ndivyo nilivyofundishwa."

"Nani anafundisha hivyo?"

Nikabadilisha gia, nikajifanya natazama mashimo. Barabara ilipanda kidogo kati ya mashamba, halafu ikaanza kuteremka kuelekea kwenye kalavati. Si mteremko wa kutisha. Kwa miguu hata huuoni. Chini yake, mwanamume mmoja alikuwa anavusha baiskeli iliyopakiwa magunia matatu ya mkaa, anaisukuma kwa bega, ameligeuzia gari mgongo.

Nikakanyaga mapema. Ikazama. Nikakanyaga mara ya pili, ikazama. Ya tatu ikagonga sakafu ya bati, nikasikia mlio wake.

Nilipiga honi. Yule bwana akageuza kichwa, lakini baiskeli yenye mkaa haigeuki haraka.

"Bibi, breki hamna!"

Hakupiga kelele. Sauti yake ilitoka kavu, ya mtu aliyewahi kufanya jambo hilo. "Gia ya pili. Sasa hivi. Lazimisha." Nikalazimisha, gari likaunguruma likatikisika. "Handibreki vuta kidogo, achia, vuta, achia. Usiivute yote mara moja, litageuka. Kushoto kuna nini?"

"Shamba. Matuta ya viazi."

"Ingia matutani. Kata sasa!"

Nikakata usukani. Tairi la mbele lilipanda tuta la kwanza, kichwa changu kikagonga paa. La pili, la tatu, vioo vikalia, na kwenye tuta sijui la ngapi gari likazama kwa tumbo na kuzimika. Vumbi likatupita likaendelea mbele peke yake.

"Bibi! Umeumia?"

Alikuwa ameshika mpini wa mlango kwa mikono yote miwili. Mkongojo ulikuwa umevunjika. "Mtu wa mbele," alisema. "Angalia mtu wa mbele kwanza."

Nilitoka nikakimbia. Mwenye mkaa alikuwa ameiachia baiskeli akarukia mtaroni. Magunia mawili yalipasuka, mkaa umetapakaa barabara nzima. Goti lake lilikuwa linatoka damu.

"Wewe dada, ulitaka kuniua?" alisema. "Ulitaka kuniua na mkaa wangu?"

"Nisamehe, kaka yangu. Breki zimekatika."

"Zimekatika au hukuwa nazo?"

Nyuma yangu nikasikia hatua. Bibi alikuwa ameshuka peke yake, anakuja kwa kupapasa matuta kwa kipande cha mkongojo. Alisimama hatua chache kutoka kwangu.

"Jibu swali la mwenzio," alisema. "Mimi nalo nataka kulisikia."

Nikawaambia wote wawili. Kwamba raba ni zile zile za zamani, kwamba fundi alinikataza, kwamba fedha niliitia kwenye viti na rangi, kwamba jana dukani nilidanganya. Nilisema hayo nikitazama mkaa. Mwenye baiskeli alitikisa kichwa akaanza kuokota. Uso wa Bibi haukuwa na hasira. Ulikuwa umefungwa, kama duka siku ya msiba.

"Kutoka hapa kwa shoga yangu ni mbali?" aliuliza mwishowe. Hakuniuliza mimi.

"Si mbali, mama," alisema mwenye mkaa. "Ni pale penye migomba."

"Nishike mkono, baba, unifikishe. Mkaa wako atauokota huyu, na uliopasuka ataulipa."

Nilinyoosha mkono kumsaidia kuvuka mtaro. Aliuona kwa jicho lake bovu au aliuhisi tu, sijui, akauzunguka akamshika yule bwana. Wakaenda. Niliwaangalia wakizidi kuwa wadogo barabarani, mwanamume anayechechemea na bibi anayepapasa, kila mmoja anamwegemea mwenzake. Kisha nikapiga magoti nikaokota mkaa, kipande kwa kipande, mpaka magunia yakajaa tena kwa kufungwa na mtandio wangu. Mwenye shamba alikuja, akatazama viazi vyake, akaniokotea kidogo. Viazi hivyo navyo nilivilipa baadaye.

Nilifika kwa shoga yake karibu saa sita, mfuko wa sukari mkononi. Nilisimama mlangoni. Mgonjwa alikuwa amelazwa kwenye mkeka kivulini mwa nyumba, mwembamba, lakini anaongea. Walikuwa wameshikana mikono, wanazungumza Kinyamwezi kwa haraka, wanakatizana. Nikasalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," mgonjwa akaitikia. Bibi hakugeuka.

"Ndiye huyu aliyekuleta?" mgonjwa aliuliza kwa Kiswahili.

"Ndiye," alisema Bibi. "Amenidanganya, nikaja nikiwa hai kwa bahati. Lakini nimekuja."

Nililia nyuma ya nyumba, peke yangu, na hakuna aliyekuja kunibembeleza. Jioni Bibi alirudi mjini kwa bajaji, ile aliyoapa hapandi. Mimi nilibaki kulivuta gari kwa trekta la jirani wa shamba.

Kesho yake alituma mtu chumbani kwangu kuchukua funguo. Nikampa. Fundi alipopata habari alikuja uani mwenyewe, akafungua bomba, akamwaga mafuta yote ya breki chini kwenye mchanga ili gari lisitoke tena, akaondoka bila kuniita Mwalimu. Nilihisi afadhali angenizaba kibao.

Miezi iliyofuata ilikuwa ya salamu tu. "Shikamoo, Bibi." "Marahaba." Basi. Kodi nilipeleka dukani, akaihesabu kwa vidole, akaitia kwenye kopo. Nilifundisha tuisheni mpaka saa nne usiku, nikamlipa mwenye mkaa, nikamlipa mwenye viazi, kisha nikaagiza raba. Zilipokuwa njiani kwenye basi kutoka Dar, simu ilikuja kutoka Kwihara. Shoga yake amefariki. Bibi alikwenda mazikoni kwa bajaji. Nilimwomba nimsindikize, akaniambia kwa upole, "Kaa, mwanangu. Leo kaa tu." Hilo "mwanangu" lilikuwa la kwanza tangu siku ile, nami nilikaa.

Fundi alizifunga raba mpya mbele yangu, nikamshikia taa. Kazi ilipokwisha nilimwomba Bibi aje. Alikuja na mkongojo mpya. Hakukaa kiti cha abiria. Alizunguka mpaka upande wa dereva, akaingia, akavua kandambili, akaweka mguu mtupu kwenye pedeli, akakanyaga.

Ilisimama juu. Mara ya kwanza.

Hakuachia. Aliendelea kukandamiza, uzito wote wa mwili wake juu ya mguu mmoja, kichwa kimeinama. Fundi akanitazama. Dukani mteja aliita "Hodi!" mara mbili, hakuna aliyeitika. Nilikuwa natazama ule mguu, mishipa yake, kucha zenye hina iliyofifia, nikingoja ushuke. Sijui ilichukua dakika ngapi. Haukushuka.

"Haya," alisema. Akahamia kiti cha pembeni kwa shida, akaukatalia mkono wa fundi, akatoa funguo kwenye pindo la mtandio akaniwekea juu ya dashibodi. "Twende sokoni. Vitunguu vimekwisha."

Nilikwenda polepole. Kwenye njia panda mbele ya soko palikuwa na mkokoteni, wanafunzi, wanawake na beseni za dagaa. Nikakanyaga mara moja, gari likasimama. Bibi alikuwa anatazama mbele kwa jicho lake lililobaki. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshika mpini wa mlango, vidole vimekakamaa, na haukuuachia mpaka nilipozima injini.